Sindano za Njano za Mke Wangu

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, kwa hiyo mke wangu aliposhika mimba habari zilizunguka nyumba nzima kabla mimi mwenyewe sijamwambia mtu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na jiko la wote uani, hatua chache kutoka pale walipokuwa wanajenga soko jipya. Zile nguzo zake pana kama miavuli ndiyo kwanza zilikuwa zinainuka, na vumbi la saruji lilitua mpaka kwenye cherehani yangu.

Nilikuwa fundi. Nilishonea barazani mwa duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyenipa ile nafasi kwa sharti moja tu, nisivute sigara karibu na majora yake. Mke wangu alifundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri, katika chumba kimoja karibu na Mnazi Mmoja. Wanafunzi wake walikuwa makuli wa bandarini, akina mama wauza maandazi, na mzee mmoja aliyetaka kujua kusoma ili asome mwenyewe barua za wanawe. Mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita Fundi. Hata tukigombana tulitumia majina hayo hayo, na ugomvi ukawa mgumu kuendelea.

Mwezi wa tatu tumbo lake lilikuwa kama la mwezi wa tano. Wanawake wa nyumba walimpapasa wakasema mapacha hao, nami nikaanza kutumia mabaki ya vitambaa kushona vishati vidogo viwili viwili. Alikuwa akitapika kuanzia alfajiri mpaka anapokwenda darasani. Kisha asubuhi moja akaniita kutoka bafuni kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kulikuwa na damu.

Hospitalini walimsafisha siku hiyo hiyo. Muuguzi mmoja mtu mzima akanichukua pembeni akaniambia haikuwa mimba ya mtoto. Waliita mimba zabibu. Kondo la nyuma lilikuwa limekua peke yake, bila mtoto, likajaa vipovu vilivyoshikana kama kichala. Nilirudi nyumbani mbele yake nikavificha vile vishati chini ya godoro. Alivikuta usiku ule ule alipokuwa anatandika shuka.

"Usinifiche, Fundi," alisema. "Viweke pale pale vilipokuwa."

Nikaviweka juu ya kabati.

Waliagiza arudi kila mwezi na mkojo wa siku nzima kwenye chupa, wapime. Kwa kuwa asubuhi alitayarisha masomo na alasiri alikuwa darasani, kazi ya kubeba chupa nilijitwika mimi. Niliitia kwenye kikapu, nikaifunika kwa khanga, nikavuka Barabara ya Morogoro kuingia Upanga nikiwa nimenyooka kama nabeba mayai. Safari ya kwanza nilikutana na jirani yetu mmoja, mtu wa maneno mengi. Akakikodolea macho kikapu.

"Asali hiyo, fundi? Nionjeshe."

"Siku nyingine," nilimjibu, nikaongeza mwendo.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akalala kitandani. Ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ile ya damu, na kwa ajili yake niliwasimulia watu wengi zaidi kuliko alivyotaka.

Mwezi wa pili, mama wa maabara alitoka na karatasi akitabasamu. Hakujua habari zetu. Aliniona mwanamume mwenye kikapu, akaona kipimo, akajumlisha.

"Hongera, kaka. Mkeo ana mimba."

Sijui nilivukaje barabara. Nilimkuta mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, anajitayarisha kwenda darasani. Nilimwambia. Hakusimama. Alikuwa amepungua mwili, na kwa wiki nzima alikuwa na kikohozi alichosema ni cha vumbi la saruji.

"Sina mimba, Fundi," alisema taratibu. "Mwili wangu naujua. Na leo nimekohoa damu."

Kesho yake tulikuwa mbele ya daktari. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwembamba, amerudi majuzi kutoka masomoni Ulaya, na koti lake jeupe lilikuwa kubwa kwake mabegani. Nilitamani kumwambia alivue nilipunguze. Alipiga picha ya kifua. Alituonyesha kwenye mwanga madoa meupe ndani ya mapafu, ya mviringo, kama matone ya mvua kwenye kioo.

Alisema vipande vya lile kondo vilivyobaki vimegeuka kansa. Kondo lina desturi ya kupenya, ndiyo kazi yake, linapenya ukuta wa mfuko wa uzazi limtafutie mtoto chakula. Hili lilikuwa linapenya bila mtoto, likapitia damu mpaka mapafuni. Na kwa kuwa ni kondo, linatoa ile ile alama ambayo kipimo cha mimba huitafuta. Ndiyo maana mama wa maabara alinipongeza.

"Kwa hiyo," daktari alisema, "kuanzia leo tunaomba kipimo kiseme hapana."

Nakumbuka mke wangu aliniangalia. Miaka mitatu tulikuwa tumeomba kinyume chake.

Daktari alisema iko dawa, na kwamba kansa za namna hii, tofauti na nyingi, huisikia dawa hata zikiwa zimeshafika mapafuni. Hakutuahidi. Alisema atachomwa siku tano mfululizo kwenye mshipa, apumzike siku kumi hivi, achomwe tena siku tano, na kuendelea hivyo mpaka kipimo kiseme hapana. Jina la dawa lilikuwa refu, aktinomaisini, na lilipotoka kinywani mwake sisi tukasikia kama jina la mji. Alikuwa nayo kwenye kichupa kidogo juu ya sinia. Ilikuwa ya njano, njano iliyokolea.

Alipokwenda kushika mkono wake, mke wangu akaurudisha.

"Kabla hujanichoma, Daktari, nataka kujua hiyo dawa inakwenda kufanya nini humo ndani."

"Inaua seli za kansa, dada."

"Inaziuaje? Kwa moto? Kwa njaa?"

Daktari akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Nilikuwa nimemzoea Mwalimu wangu.

"Mimi nafundisha watu wazima," mke wangu akaendelea. "Nikiwalazimisha kitu bila kuwaeleza, kesho siwaoni darasani. Na mimi ni mtu mzima."

Yule kijana akaweka sinia chini, akavuta stuli akaketi. Hilo sitalisahau, kwa sababu foleni nje ilikuwa imejaa ukumbi. Alisema ndani ya kila seli ya mwili kuna uzi mrefu mwembamba uliobeba maagizo yote, namna ya kufanya nywele, ngozi, damu. Uzi wenyewe ni nyuzi mbili zilizosokotana, zimeunganishwa katikati na vipandio vidogo vidogo kama ngazi. Siku zile hatukuwa na neno vinasaba. Yeye alisema DNA, na mke wangu akamwambia aiandike, akaiandika juu ya bahasha ya picha. Seli ikitaka kutumia maagizo, au ikitaka kugawanyika ziwe mbili, lazima ule uzi ufunguliwe katikati, usomwe, unakiliwe.

Akatafuta mfano, macho yake yakatua kwenye futi yangu ya kamba iliyokuwa bado inaning'inia shingoni.

"Kaka, wewe fundi? Una zipu hapo?"

Nilikuwa nayo mfukoni, ya sketi ya mteja. Daktari aliifungua nusu, akachana kipande cha pamba, akakisokomeza katikati ya meno, akanirudishia.

"Ifunge."

Nilivuta. Ikafika kwenye pamba ikagoma.

"Ifungue."

Ikagoma vile vile. Nimeshika zipu maisha yangu yote, na hakuna fundi asiyeijua ile hali, nguo imeingia kwenye meno, huendi mbele hurudi nyuma.

"Dawa hii ina umbo bapa," daktari alisema. "Inateleza inaingia katikati ya vipandio viwili, inang'ang'ania hapo. Anayekuja kusoma maagizo anafika hapo anakwama. Seli haiwezi kutengeneza inachokihitaji, haiwezi kujinakili. Inakufa."

"Na ikilazimisha kupita?" mke wangu akauliza.

Nikamjibu mimi kabla ya daktari. "Meno yatang'oka."

"Ndivyo," daktari akasema. "Uzi unakatika. Napo inakufa."

Mke wangu aliichukua ile zipu akaivutavuta mwenyewe kwa muda. "Na zipu zangu nzima? Si nazo zitaingiwa na pamba?"

"Zitaingiwa. Dawa haichagui. Lakini seli iliyotulia, isiyofungua mara kwa mara, inapata nafasi ya kujirekebisha. Zinazoumia ni zenye haraka. Kansa hii ina haraka kuliko kitu chochote mwilini mwako. Tatizo ni kwamba nywele nazo zina haraka. Ngozi ya ndani ya mdomo ina haraka. Na uboho wa mifupa unaotengeneza damu."

"Kwa hiyo nywele zitatoka."

"Zitatoka."

"Zitarudi?"

"Zitarudi, dada. Hilo naweza kukuahidi."

"Na dawa yenyewe imetoka wapi?"

"Kwenye vijidudu vya udongoni. Vinaitengeneza vyenyewe kupigana na wenzao."

Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Alirudia neno udongo mara mbili, akanyoosha mkono. "Haya. Choma."

Daktari alichoma mwenyewe, hakumwachia mtu. Alinieleza baadaye kwamba ile dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka donda. Aliisukuma polepole sana, jicho likiwa kwenye ngozi ya mkono wa mke wangu, na nadhani sisi watatu tulipumua pamoja alipoichomoa sindano.

Siku tano za kwanza alilazwa wodini, akatapika mpaka akabaki anatapika hewa. Baada ya wiki mbili nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Mimi nilizikusanya kila asubuhi kabla hajaamka, nikidhani namwondolea uchungu, mpaka siku aliponikamata.

"Fundi, ukiziiba nywele zangu unazipeleka wapi?"

Alinipa wembe akaketi kwenye kigoda uani, mbele ya wapangaji wote, akaniamuru nimalizie. Nikanyoa. Alikuwa na kichwa kizuri, cha mviringo, na kovu dogo nyuma ya sikio ambalo katika miaka mitatu sikuwahi kuliona. Niliposhika lile kovu aliniambia aliangukia mchi akiwa mdogo kwao Masasi. Jioni nilimshonea kilemba cha kitenge chenye bitana laini ya pamba ndani, kisimkwaruze.

Vidonda vya mdomo vilikuwa vibaya zaidi. Hakuweza kutafuna, hata uji wa chumvi ulimchoma. Mama wa dukani, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akiuliza habari kwa kichwa tu, siku moja alitoka nyuma ya meza yake na bakuli la shaba lililofunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpelekee mkeo. Wali na choroko, nimeponda sana, nimetia samli, sikutia pilipili hata moja. Mwambie asitafune, ameze tu."

Kila siku ya sindano bakuli lilitoka. Siku nyingine alibeba mwenyewe mpaka hospitalini, sari yake ameipandisha isiguse matope, na akaketi kitandani akimlisha mke wangu kwa kijiko kidogo huku akimlalamikia kuhusu mimi, kwamba nashona vizuri lakini naacha nyuzi sakafuni. Mke wangu aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo dada mmoja, mdogo kwa mke wangu, aliyetoka bara na ugonjwa ule ule. Aliletwa amechelewa, ulikuwa umeshafika kichwani. Mke wangu alimfundisha kuandika jina lake kwenye bahasha moja baada ya nyingine. Aliliandika vizuri kwa siku nne. Ya tano kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Tulipofika nyumbani mke wangu akanishika mkono akauweka kifuani pake, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Baada ya mzunguko wa tatu, dawa ikaisha. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Mfereji wa Suez ulikuwa bado umefungwa, meli za kutoka Ulaya zilizunguka kusini kabisa mwa Afrika, na boksi letu lilikuwa kwenye mojawapo. Daktari alituambia wazi kwamba tukikaa muda mrefu, seli zilizobaki zinaweza kujikusanya upya. Kila siku nikifunga cherehani nilitembea mpaka Magogoni, nikasimama karibu na wanaosubiri kivuko, nikizihesabu meli zilizotia nanga nje. Sikujua ipi ni ipi. Mmoja wa wanafunzi wa mke wangu, kuli, ndiye aliyekuja kwetu asubuhi moja akitweta. Alikuwa amesoma yeye mwenyewe maandishi kwenye shehena, neno kwa neno: DAWA ZA HOSPITALI, yaliyoandikwa kwa chaki na karani. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaja kumwambia mwalimu wake kwanza kabla ya kwenda kulala. Sijui kama dawa yetu ilikuwamo humo, lakini wiki ile daktari alituita.

Nilibeba chupa kwa miezi mingine. Maabara waliuchanganya mkojo na maji, wakaongeza maji, wakaongeza tena, wakiangalia alama inadumu mpaka wapi. Kila mara ilidumu kidogo kuliko awali. Kwenye picha za kifua yale madoa yakapungua, yakawa kama vumbi, kisha sikuyaona. Daktari aliendelea kuchoma hata baada ya hapo, akisema anazitafuta zilizojificha.

Siku ya mwisho yule mama wa maabara alitoka nje mwenyewe. Tangu lile kosa la hongera alikuwa haniangalii machoni. Alisimama mbele yangu na karatasi.

"Hapana," alisema. "Hapana kabisa, kaka. Hakuna kitu."

Nikamkumbatia pale ukumbini, mke wa watu, mbele ya foleni. Akacheka, akanisukuma, akaniambia nimpelekee mwenzangu habari.

Nilimkuta darasani Mnazi Mmoja. Alikuwa ubaoni, kilemba kichwani, chaki mkononi. Nilisimama mlangoni nikatikisa kichwa, hapana. Wanafunzi wakadhani ni msiba, mmoja akaanza kuguna. Mke wangu akaweka chaki chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia na kucheka, na makuli wazima wakaanza kulia naye bila kujua wanalilia nini.

Daktari alitutaka tusubiri mwaka mzima na zaidi kabla ya kutafuta mtoto. Tulisubiri. Nywele zilirudi laini na za kujikunja kidogo, tofauti na za zamani, naye akazionea fahari. Nilikuwa na woga wangu, sikuficha: kama ile dawa iliingia kwenye nyuzi za mwili wote, je, za mtoto? Daktari alisema wanawake wengi waliotibiwa hivyo wamezaa watoto wazima. Binti yetu alizaliwa na kelele nyingi, vidole kumi, nywele tele. Mama wa dukani alimfunga mkononi uzi mweusi wa kukinga jicho baya kabla hatujauliza.

Binti alikuwa anaanza kutambaa daktari alipopata uhamisho kwenda mkoani. Alikuja kutuaga. Tulitandika jamvi, mke wangu akapika samaki wa nazi na bada, ule ugali wa muhogo, chakula cha kwetu kusini. Binti alimwona akalia, tukamhamishia mgongoni kwangu. Tulipokuwa tunakula, daktari akasema kitu ambacho alikuwa amekibeba muda wote.

"Dada, ile siku ya kwanza uliponiuliza maswali, nilishukuru. Nilikuwa natafuta sababu ya kuchelewa. Nilikuwa sijawahi kuichoma ile dawa bila mwalimu wangu kusimama pembeni. Mikono ilikuwa inanitetemeka."

Mke wangu aliacha kula akamtazama.

"Si ungesema?" alimwambia. "Ningekushika mkono."

Daktari alicheka mpaka akapaliwa na mchuzi, ikabidi nimpige mgongoni huku mtoto analia upya, na mke wangu akakimbilia uani kuchota maji.